Kabla ya saloni ya VIP, abiria wa Hombo apewe habari

Kuna mwaka niliingia kwa mara ya kwanza katika saloni ya daraja la biashara, kwenye uwanja mmoja mdogo wa ndege wa ukanda wetu. Tiketi yangu ilikuwa ya kawaida, ila ndugu yangu aliyesafirishwa na ofisi yake aliniingiza kama mgeni wake. Ndani mlikuwa na makochi, maji baridi, kahawa na choo kisafi. Kwa mtu aliyetoka Hombo kwa pikipiki, tope likiwa bado kwenye viatu, lilikuwa pumziko la kweli, na sitajifanya kwamba sikulipenda.

Lakini nilichokumbuka baadaye si kochi. Kijana wa saloni alikuja akatuambia kwa upole kwamba ndeke imechelewa, itafika saa tisa, tunaweza kula kwanza. Wakati huo ilikuwa saa tano. Nilipotoka nje kununua mandazi, niliwakuta wenzetu wa ndeke ileile wamekaa juu ya mizigo yao juani, kila mmoja akiogopa kusogea hata hatua kumi asije akaachwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza: "Papa, wamesema nini juu ya ndeke?" Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Nikamwambia saa tisa. Akainuka, akaenda kumtafutia mtoto uji.

Ndipo nilipoelewa kinachouzwa mle ndani. Kochi ni sehemu ndogo tu. Anayejua saa ya ndeke anaweza kula, kumlaza mtoto, kwenda chooni na kuwapigia simu wanaomngoja. Asiyejua anakaa kama mfungwa, hata kama amelipa tiketi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye feza akae anapotaka, na kwamba saloni inauletea uwanja mapato. Sina ubishi nao. Anayetaka kochi alilipie. Lakini habari za safari, maji ya kunywa, choo na benchi chini ya kivuli si raha za kuuziwa watu. Tangu mwaka 2009 abiria wa nchi yetu wanalipishwa Go-Pass. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa safari za nje, na tuliambiwa kwamba feza hizo ni za kuendeleza viwanja vya ndege. Mchuuzi wa mafuta ya mawese hakupunguziwa hata dola moja. Ana haki ya kuuliza benchi lake liko wapi.

Kwetu Hombo jambo hili si la matajiri. Mto wetu ndio mpaka: ng'ambo moja ni Walikale, Kivu Kaskazini, ng'ambo nyingine ni Kalehe, Kivu Kusini, na kilalo ndicho kinachotuunganisha. Barabara ya kitaifa namba 3 inayopita hapa, kutoka Bukavu kwenda Kisangani, inapitia mbuga ya Kahuzi-Biega na Bunyakiri, na mvua ikizidi malori yanalala kwenye tope. Mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi wanapotafuta ndeke, si kwamba wamepata mali. Barabara imewashinda.

Tena Walikale tunajua vizuri ni nani hupewa nafasi ya kwanza. Katikati ya miaka ya 2000, vijana walibeba mawe ya kasiterite ya Bisie mgongoni, kilo 50 kwa mzigo, kupitia msituni. Kisha ndeke ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuyachukua. Jiwe lilipanda ndeke, aliyelibeba akarudi kwa miguu. Barabara iligeuzwa uwanja, na sisi hatukupata barabara wala uwanja.

Sasa hata milango mikubwa iliyokuwepo imefungwa. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati wa vita vya mji huo, na wa Kavumu ukafuata Februari. Mtu wa Goma anayekwenda Kinshasa, nchi yake mwenyewe, analazimika kuzungukia nchi jirani. Mwezi Oktoba 2025, kule Paris, rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. Iwe kesho au baadaye, siku moja viwanja hivi vitafunguliwa kwa kila mtu, na siku hiyo kutakuwa na michoro, mikopo na hotuba. Tuseme mapema tunachotaka.

Usalama wa njia ya ndege uwe wa kwanza, hilo halina mjadala. Lava ya Nyiragongo iliifunika sehemu ya njia ya Goma mwaka 2002, na Aprili 2008 ndeke ya Hewa Bora ilipita mwisho wa njia hiyo ikaangukia Birere. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa usalama wa uwanja huo, na zilihitajika kweli.

Baada ya hapo, ufuate ukumbi wa wote. Kiwepo kipaza sauti kinachotangaza kwa Kiswahili, si Kifaransa peke yake, na ubao wenye saa iliyobadilika. Viwepo kivuli, maji, vyoo, na mahali pa mama kunyonyesha. Haya hayagharimu kama mnara wa kuongozea ndege. Kutangaza kwamba ndeke imechelewa hakugharimu chochote. Kisha barabara ya Hombo itengenezwe, maana uwanja usiofikika ni wa wale waliokwisha kufika.

Saloni ije mwisho. Nikibahatika tena kualikwa, nitaingia na kahawa nitakunywa. Lakini nisitoke tena nje na kukuta kwamba ni mimi, abiria kama yeye, ndiye wa kumwambia mama yule ndeke yake itafika saa ngapi.