Orodha ya Vifaa Itoke Katika Ramani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ujenzi wa majengo ya umma, daftari hilo ni orodha ya vifaa: mifuko mingapi ya saruji, nondo ngapi, mbao ngapi, mabati mangapi. Orodha ikiwa sahihi, jengo hukamilika kwa fedha iliyotengwa. Ikiwa ya kubahatisha, jengo hukwama kwenye linta, na lawama humwangukia mtu ambaye hakuiandika.

Mtu huyo mara nyingi ni mwalimu. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilitenga sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Shule zilinunua vifaa na kuajiri mafundi zenyewe, bila mkandarasi. Utaratibu huo umeokoa fedha nyingi. Lakini pia umemfanya mkuu wa shule, aliyesomea historia au kemia, kuwa msimamizi wa saruji na kokoto. Mwalimu si mkadiriaji majenzi. Anachoweza kufanya ni kuifuata orodha aliyopewa. Kwa hiyo ni haki yake kupewa orodha ya kweli.

Zamani mkadiriaji alipima ramani kwa rula, akahesabu kuta moja moja na kuandika kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na ramani ilipobadilishwa hesabu ilianza upya. Programu za kuchorea za mwanzo, kama AutoCAD iliyotoka mwaka 1982, zilirahisisha uchoraji, lakini kwa kompyuta mstari uliendelea kuwa mstari tu. Programu zilizofuata, mfano wake Revit iliyotoka mwaka 2000, zinautambua ukuta kuwa ukuta, wenye urefu, kimo, unene na aina ya tofali. Mchoraji akiusogeza ukuta, jedwali la vifaa hujirekebisha papo hapo. Hapana shaka kwamba hiyo ni hatua kubwa, na halmashauri zetu hazina budi kuitumia.

Hata hivyo, ni kosa kuamini kwamba orodha ni sahihi kwa sababu tu imetoka kwenye kompyuta. Kompyuta huhesabu kilichochorwa, haijui kilichosahauliwa. Tuchukue ukuta wa darasa wenye urefu wa mita 8 na kimo cha mita 3. Ikiwa mita moja ya mraba inakula matofali 9, ukuta huo unahitaji matofali 216. Lakini ukiwa na madirisha mawili, kila moja la mita moja na nusu kwa moja na nusu, yanatosha 176. Mchoraji asipoyakata madirisha hayo katika mchoro, shule itanunua matofali 40 yasiyo na kazi, kwa ukuta mmoja tu.

Paa lina hatari ya kinyume chake. Paa la mita za mraba 100, likigawanywa kwa bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 90, linaonekana kutosheka na mabati 38. Lakini bati hupandana na jirani yake. Likibaki linafunika sentimita 76 tu, mabati yanayohitajika ni 44, kabla ya kuhesabu yanapopandana kwa urefu au yanayoharibika. Mabati sita yanayokosekana ni sehemu ya darasa iliyo wazi mvua zinapoanza.

Jambo la kusikitisha zaidi ni tabia ya kunakili orodha ya shule moja na kuipeleka shule nyingine. Shule ya kwanza iko tambarare, ya pili iko mlimani. Msingi wa mlimani hula mawe, saruji na nondo zaidi, na fedha humalizika kuta hazijainuka. Mkaguzi akifika, hukuta stakabadhi zote zimetiwa saini na mwalimu. Aliyenakili orodha hayupo.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila orodha iandikwe namba na tarehe ya ramani iliyoizaa. Ramani ikibadilika, orodha ya zamani ifutwe. Pili, nyongeza kwa ajili ya vifaa vinavyopasuka au kukatwa iandikwe waziwazi, isifichwe ndani ya hesabu. Tatu, mhandisi wa halmashauri akione kiwanja kabla ya kutia saini, na jina lake libaki kwenye orodha. Nne, orodha iandikwe kwa Kiswahili na kwa vipimo vya dukani, yaani mifuko, vipande na lori, ili kamati za manunuzi na mapokezi ziweze kulinganisha kilichoandikwa na kilichoshushwa.

Wapo watakaosema kwamba halmashauri za mbali hazina wataalamu wa kutosha wala kompyuta za kisasa. Ni kweli kwamba uhaba upo. Lakini ramani ya darasa huchorwa mara moja na kutumika mara nyingi. Kinachobadilika ni kiwanja. Kukipima kiwanja kunahitaji futi kamba na mtu aliye tayari kusafiri, na hilo haliwezi kusingiziwa kompyuta.

Mwalimu amekubali kubeba mzigo ambao hakusomea. Wenye utaalamu wasimwongezee mzigo wa makosa yao. Wampe ramani iliyokamilika, wampe orodha iliyotoka katika ramani hiyo, kisha wamdai hesabu ya kila msumari.