Wanafunzi Waguse Mitambo

Kila mwaka, vyuo vyetu vya uhandisi vifungapo masomo, kwa kawaida baina ya Mei na Agosti, vijana wengi hushika barua mikononi wakaenda kubisha hodi viwandani kuomba mazoezi ya kazi. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa mekatroniki, elimu inayounganisha ufundi wa mitambo, umeme na kompyuta. Hapa Kenya elimu hiyo hufundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja. Leo twapenda kusema juu ya vijana hao na juu ya viwanda vya kupigia chapa, maana tunaona kwamba pande hizo mbili zinahitajiana zaidi ya zinavyodhani.

Neno mekatroniki si la kale. Lilibuniwa Japani mwaka 1969 na mhandisi Tetsuro Mori wa kampuni ya Yaskawa, watengenezaji wa mota za umeme. Kampuni hiyo ililisajili kuwa mali yake, na mwaka 1982 ikaliachilia litumiwe na yeyote. Mahali pachache panapofaa kujifunzia maana yake kuliko mbele ya mtambo wa ofseti.

Katika mtambo huo bamba halipigi karatasi. Bamba hutia wino kwenye mpira uliozungushwa rola, na mpira ndio unaoipa karatasi picha. Picha ya rangi hupigwa mara nne: buluu, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi. Rangi moja ikisogea sehemu ya kumi ya milimita tu, jicho la mnunuzi huanza kuona ukungu. Katika mitambo ya zamani sehemu zote nne huendeshwa na shafti moja ndefu yenye gia. Gia zikilika, rangi hutangatanga, na fundi hulazimika kuirudisha kwa sikio na kidole huku karatasi zikiharibika mbele yake. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wameiondoa shafti hiyo, wakaipa kila sehemu mota yake na kuziweka mota zote chini ya amri ya kompyuta moja.

Mitambo mingi inayofanya kazi katika nchi zetu ilifika ikiwa imekwisha kutumika Ulaya kwa miaka mingi. Chuma chake bado kizima. Kinachokufa mara nyingi ni ubao wa umeme ambao aliyeutengeneza ameacha kuutengeneza, au yeye mwenyewe hayupo tena. Wenye viwanda watakumbuka kwamba mnamo Novemba 2011 hata manroland ya Ujerumani, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za mitambo ya chapa duniani, ilishindwa kulipa madeni na ikagawanywa vipande viwili. Mwenye kiwanda wa hapa aliyekosa kipuri hana la kufanya ila kuufunika mtambo wake turubai na kuusukuma pembeni.

Wakati huohuo kazi kubwa hupigwa chapa ng'ambo. Karatasi za kura za mwaka 2017 zilichapwa Dubai, na zile za 2022 zikachapwa Ugiriki. Hatusemi kwamba uchakavu wa mitambo ndio sababu pekee. Kura ina siasa zake na ulinzi wake. Lakini vitabu, vifungashio na kalenda havina siasa, na mteja anayetaka rangi zikae mahali pake hatangoja hadi tupate kipuri.

Basi kijana wa mekatroniki afikapo kiwandani hupewa nini? Mara nyingi hupewa ufagio. Akibahatika sana hutumwa ofisini kutoa nakala, au huambiwa asimame mbali atazame. Mwisho wa mazoezi daftari lake hutiwa muhuri, naye hurudi chuoni akijua chai ya meneja hunywewa saa ngapi.

Twawasikia wenye viwanda wakijibu kwamba mtambo ni ghali, kazi ina tarehe yake, na mgeni anaweza kuumia. Hayo ni kweli. Rola mbili zinazozunguka kuelekeana huvuta kidole ndani upesi kuliko mtu awezavyo kukirudisha, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu hatari za mashine ziwekewe vizuizi. Hatuombi mwanafunzi aachiliwe kwenye mtambo unaokimbia na kazi ya mteja. Twaomba apewe ule uliofunikwa turubai.

Aanze kwa kuupima na kuuchora upya, maana michoro yake huenda ilipotea zamani. Kisha achague sehemu moja tu. Yaweza kuwa sehemu ya kulisha karatasi, au ya maji ya kulowesha bamba, ambayo yakizidi picha hufifia na yakipungua ukurasa huchafuka. Ubao uliokufa aung'oe, mahali pake aweke kompyuta ndogo ya kuongoza mashine, aina inayopatikana madukani na isiyomfunga mtu kwa mtengenezaji mmoja. Aongeze kihisi kinachosoma alama za rangi pembeni mwa karatasi, na kizuizi ambacho kikifunguliwa mtambo husimama wenyewe. Asipofaulu, mtambo utabaki ulivyokuwa, yaani bure.

Kazi hiyo yahitaji mwalimu, na mwalimu yumo mlemle kiwandani. Ni yule fundi mzee anayetambua beringi iliyochoka kwa mlio wake, ingawa hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Kijana atakayemdharau kwa sababu ya ngozi ya mikono yake hatafika mbali. Nasi twawaomba mafundi wasifiche ujuzi wao kwa hofu ya kunyang'anywa kazi, kwani hofu hiyo ipo na hatuoni haja ya kuinyamazia.

Vyuo navyo vina lawama yao. Majuma manane au kumi na mawili hayatoshi kusanifu upya hata sehemu moja ya mtambo. Mawili ya kwanza huisha kijana akijifunza milango. Yafaa mazoezi yaunganishwe na kazi ya mwaka wa mwisho, ili mwanafunzi apime mtambo akiwa kiwandani, asanifu chuoni pamoja na wahadhiri wake, kisha arudi kufunga alichotengeneza na kukijaribu mbele ya fundi yuleyule.

Kuhusu gharama, waajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Twashauri sehemu ya fedha hizo itengwe kwa nauli na chakula cha mchana cha wanafunzi waliopewa kazi za namna hii, pamoja na bima yao. Mtoto wa mkulima wa Nyeri au mvuvi wa Lamu hawezi kujilipia chumba Nairobi kwa miezi mitatu ili atengeneze mali ya mtu mwingine bila malipo.

Na usanifu wake ukifanikiwa, ni wa nani? Jambo hili liandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi na kiwanda, chuo na mwanafunzi kabla bisibisi haijaguswa. Kiwanda kiwe na haki ya kuutumia kwenye mitambo yake bila kudaiwa. Kikitaka kuuuza kwa wengine, kimlipe aliyeubuni. Makubaliano ya aina hiyo hayazidi ukurasa mmoja, na vyuo vinaweza kuyaandaa sasa, kabla barua za maombi hazijaanza kufika malangoni mwezi wa Mei.