Heshima ya Mwanamichezo Aliyestaafu Hupimwaje?

Katika miji ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, mabishano kuhusu wanamichezo wa zamani hayana mwisho. Wavuvi wanaongoja giza liingie ili wawashe taa na kuwafuata ndagala, askari waliotoka zamu, na vijana waliomaliza kucheza mpira mchangani, kila mmoja ana shujaa wake. Mzee humsifu mlinda mlango wa ujana wake. Kijana humcheka kwa kuwa hakumwona. Mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, si mwenye haki.

Wako watu waliolitafutia jambo hili utaratibu. Nchini Marekani, mchezo wa besiboli una Jumba la Heshima katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York. Kura za kwanza zilipigwa mwaka 1936, na jumba lenyewe likafunguliwa mwaka 1939. Anayechaguliwa huwekewa ukutani bamba la shaba lenye sura yake na maelezo mafupi ya kazi yake.

Masharti yake ni magumu. Mchezaji sharti awe amecheza misimu 10 katika ligi kuu, na awe amestaafu kwa muda wa miaka 5. Wapigaji kura ni waandishi wa habari za mchezo huo waliodumu katika chama chao kwa miaka 10. Kila mmoja huruhusiwa kuandika majina yasiyozidi 10. Anayetajwa katika kura 75 kwa kila 100 huingia; anayekosa kufikisha 5 kwa kila 100 huondolewa katika orodha. Aliye kati ya viwango hivyo hungoja mwaka unaofuata, lakini baada ya kujaribiwa mara 10 jina lake halirudi tena mbele ya waandishi.

Askari hataona ajabu katika masharti haya. Anafahamu kwamba nishani ya utumishi mrefu haivaliwi na aliyeingia jeshini juzi, na kwamba mwenendo wa mtu hutazamwa pamoja na kazi yake. Miaka 5 ya kungoja hupoza shangwe na chuki, ili mtu apimwe kwa akili iliyotulia. Kiwango cha kura 75 nacho huzuia kundi moja lisimpitishe mtu wake kwa sababu ya ukabila wa timu au urafiki.

Mwenendo nao umeandikwa katika masharti hayo, nao umewahi kuamua mambo. Barry Bonds alipiga mipira 762 ya kuzunguka vituo vyote, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika ligi kuu. Hata hivyo, mwaka 2022, uliokuwa mwaka wake wa kumi na wa mwisho mbele ya waandishi, alipata kura 260 kati ya 394, akakosa. Tuhuma za kutumia dawa za kuongeza nguvu ziliwafanya wengi wasiandike jina lake. Kwa upande mwingine, Roberto Clemente wa Puerto Rico alifariki tarehe 31 Desemba 1972, ndege yake ilipoanguka akipeleka msaada kwa watu wa Nicaragua waliokumbwa na tetemeko la ardhi. Sharti la kungoja miaka 5 liliwekwa kando, na mwaka 1973 akachaguliwa kwa kura 393 kati ya 424.

Riadha pia ina utaratibu wa namna hiyo. Shirikisho la Riadha la Dunia lilianzisha orodha yake ya heshima mwaka 2012. Kipimo chake cha msingi kilikuwa medali 2 za dhahabu za Olimpiki au za ubingwa wa dunia, rekodi ya dunia walau moja, na miaka 10 tangu kustaafu. Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa askari polisi, aliingia mwaka huo huo wa kwanza. Alikuwa na dhahabu ya mwaka 1968 na ya mwaka 1972, pamoja na rekodi za dunia alizoziweka mwaka 1965.

Hapo ndipo Burundi ina swali lake. Venuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, kusini mwa nchi, alikwenda Atlanta mwaka 1996 akiwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda mita 1,500. Hiyo ndiyo iliyokuwa Olimpiki ya kwanza ya Burundi. Mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa amekosa michezo ya mwaka 1988 na ya 1992, kwa kuwa nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Niyongabo akamwachia nafasi yake. Yeye mwenyewe akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa amezikimbia mara mbili tu katika maisha yake, akashinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Kwizera hakufika fainali, lakini alikimbia Olimpiki kama alivyotamani kwa miaka minane.

Kwa kipimo kile cha msingi, Niyongabo hafiki: dhahabu yake ni moja. Kipimo hicho si cha dhuluma, maana bila hesabu kila nchi ingemwingiza mtu wake. Lakini hesabu haina safu ya kuandika nafasi aliyopewa mwenzake. Jambo hilo lazima liandikwe na wale wanaolifahamu, yaani watu wa kwao.

Kazi hiyo haihitaji jumba la fahari. Shule, klabu au kambi yoyote ya mwambao yaweza kuianza kwa daftari moja na kamati ndogo ya watu wanaoaminika, wakiwamo wazee walioshuhudia. Masharti yaandikwe kabla ya majina kutajwa. Aliyestaafu angojwe miaka michache. Kura iwe ya siri, na anayeingia aungwe mkono na watatu katika kila wanne. Mwishowe, chini ya idadi ya mabao na ushindi, iachwe nafasi ya kueleza alivyowatendea wenzake.

Wazazi nao wasingoje kamati. Mara nyingi medali ya baba hulala sandukuni na picha ya timu huliwa na mchwa, huku watoto wakiwa hawajui ilikuwa siku gani wala mechi gani. Mwaka, mahali na majina ya waliosimama kwenye picha hiyo viandikwe nyuma yake wakati angali yupo awezaye kuvitaja.