Machungwa ya Mtang'ata na Juisi ya Boksi

Alfajiri ya Aprili 6, 1498, São Rafael, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, ilikwama kwenye fungu karibu na Tanga yetu hii. Wenyeji waliwaendea kwa vyombo viwili. Kimoja kilisheheni machungwa. Shajara ya safari inakiri kwamba yalikuwa bora kuliko ya Ureno. Siku chache baadaye Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Waliporudi Januari 1499, watu wa Mtang'ata (Tongoni ya leo) waliwapelekea kuku kwa kubadilishana na mashati na bangili. Wageni wakala, wakaandika. Merikebu yenyewe wakaichoma moto huko huko.

Majuzi nilialikwa warsha hapa Pongwe. Mada, ndugu msomaji, ilikuwa utalii wa utamaduni. Mezani tuliwekewa soseji na juisi ya boksi iliyosafirishwa kutoka mbali. Nje, kando ya barabara iendayo Muheza, machungwa yalipangwa mafungu mafungu, mengine yakianza kuoza. Nilipomuuliza mwandaaji, alinijibu kwa upole: "Daktari, wageni hawajazoea vyakula vyetu."

Jibu hilo silikubali. Mreno wa 1498 naye alikuwa hajazoea. Nitaambiwa kwamba boksi ni salama na halisumbui. Basi chungwa, ambalo Mungu amelifunga kwa ganda lake mwenyewe, lina hatari gani? Tatizo si usafi. Sisi wasomi tumejifunza kukionea haya chakula tulicholelewa nacho, kisha tunalipana posho kujadili namna ya kukiuza kwa watalii.

Hata kukiandika tumewaachia wengine. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza desturi za Waswahili kwa Kiswahili fasaha; kitabu kilichapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Tangu hapo wasomi wa pwani tumeandika tasnifu ngapi juu ya bada, mchuzi wa papa au mkate wa kumimina? Yangu mwenyewe haikugusa hata kimojawapo, nami nililelewa kwa bada. Bibi zetu wanaojua kipimo cha tui kwa jicho wanaondoka mmoja mmoja.

Warsha ya pili ni mwezi ujao, ukumbi ule ule. Nimewaandikia waandaaji kuomba bada, samaki na kapu mbili za machungwa, na nimejitolea kuyalipia machungwa. Hawajanijibu.