Jiwe Lisilopenda Mwanga

Msomaji, ukizawadiwa jiwe jekundu mithili ya punje ya komamanga, bila shaka utaliweka dirishani wageni walione. Usithubutu! Polepole litageuka jeusi.

Jiwe hilo ni prustaiti, mchanganyiko wa fedha, aseniki na salfa. Fuwele zake zilizosifika sana zilitoka Chañarcillo, mgodi uliohamwa katika jangwa la Atacama, nchini Chile. Juan Godoy alivumbua fedha huko mwaka wa 1832, na watu wakamiminika.

Maji moto ya ardhini ndiyo yaliyoiacha fedha hiyo katika nyufa za mawe ya chokaa. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji ya chumvi yaliibadilisha ikashikana na klorini, ikawa laini kama nta hata kisu kikaikata. Utajiri wenyewe ulikuwa huo, nao ulikuwa wa juu juu. Wachimbaji walipoteremka zaidi, fedha ikazidi kupungua. Mji uliopewa jina la Godoy sasa ni magofu.

Prustaiti ilipatikana chini ya tabaka hilo laini. Majumba ya makumbusho huifungia gizani. Waliotumia kamera za filamu wanaijua tabia hiyo: filamu nazo zilipakwa chumvi za fedha.