Nyungunyungu Wastahili Kivuli

Sioni sababu ya kaya ya Same mjini, ambayo kila siku humwaga jaani maganda ya ndizi na majani ya chai, kununua mbolea ya dukani kwa ajili ya mchicha wake, ilhali nyungunyungu, waliosifiwa na Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1881, wangeyageuza mabaki hayo kuwa mbolea bila ujira, lau wangestiriwa ndani ya kreti la mbao.

Adui wao hapa tambarare ni joto. Nyungunyungu huvuta hewa kwa ngozi, na ngozi ikikauka hufa. Nyuzi 35 humwangamiza, ilhali 15 hadi 25 humpa raha. Kwa hiyo ni faradhi kreti likae chini ya mwarobaini, lifunikwe kwa gunia bichi, na ndani litandikwe magamba ya mgomba yaliyokatwakatwa. Ukiyafumbata matandiko hayo, yatoe tone moja au mawili tu. Yakichuruzika, watakosa hewa. Ndimu, pilipili na chumvi zisiwafikie, na samadi mbichi, ambayo hupata moto ikioza, ipoe kwanza. Siafu huzuiliwa kwa kuisimamisha miguu ya kreti katika makopo ya maji.

Huko juu milimani, Mamba Miamba, ambako tangawizi hufyonza rutuba ya miteremko, haja ni kubwa zaidi na hewa ni muafaka. Nao Wapare, ambao wazee wao walichimba ndiva ili kuyakusanya maji usiku na kuyafungulia mashambani mchana, hawatashindwa katu kuhifadhi unyevu wa sanduku moja.