Harufu ya Dagaa Siyo Ushahidi wa Difusheni

Wanafunzi wa twisheni hapa Mlandege, Iringa, wana mfano wanaoupenda: ukikaribia soko, harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaiona meza. Hiyo ndiyo difusheni, wanasema, na kama barabarani inafika upesi hivyo, ndani ya seli ni kufumba na kufumbua. Mfano mtamu, ila hesabu inaukataa.

Molekuli ya harufu ikiachwa itangetange yenyewe katika hewa tulivu, inahitaji takriban wiki mbili kufika mita 5. Kinachoileta puani ni upepo, watu wanaopita na hewa inayopanda kwa joto. Ndivyo ilivyo pia kwa ile fuwele ya pamanganeti ya potasiamu inayodondoshwa kwenye bika la maji darasani. Zambarau inaenea kwa dakika chache, ubaoni inaandikwa "difusheni". Kwa difusheni tupu, sentimita 5 zingechukua zaidi ya wiki. Kazi ilifanywa na mikondo ya maji, sifa ikaenda kwingine.

Dai la pili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linapotosha zaidi: kwamba kwenye joto la mwili glukosi hukimbia zaidi ya mita 200 kwa sekunde, kwa hiyo seli ya maikromita 20 inavukwa papo hapo. Kasi hiyo ni kweli. Lakini ndani ya maji molekuli haiendi popote bila kugongwa na jirani, ikageuzwa, ikagongwa tena. Kanuni aliyoionyesha Albert Einstein mwaka 1905 ni hii: ili kupata muda, zidisha umbali kwa umbali, kisha gawanya kwa mara mbili ya kigezo cha difusheni. Kwa glukosi majini kigezo ni kama maikromita za mraba 600 kwa sekunde. Seli yetu inatoka na theluthi moja ya sekunde.

Hapo ndipo dai la tatu, "umbali ukiongezeka mara mbili, muda nao mara mbili", linapoanguka. Muda huwa mara nne. Milimita 1 ni dakika 14. Sentimita 1, karibu siku nzima. Mita 1, miaka 26. Na protini, ambayo ndani ya seli iliyosongamana kigezo chake kinaweza kuwa 10 tu, ingetambaa kutoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu kwa miaka kama 1,600. Neva haisubiri. Ina protini ziitwazo kinesini, zinazobeba mizigo juu ya nyuzi maalumu, na safari ya mita moja huisha kwa siku mbili au tatu.

Wapo wanaorukia upande wa pili: basi difusheni haina faida. Hapana. Bakteria wa maikromita 1 anavukwa na glukosi kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ukuta kati ya hewa ya mapafu na damu ni mwembamba kiasi hicho hicho.

Walimu, wekeni rangi ya keki juu ya jelatini iliyoganda, ambamo mikondo haipiti, kisha wanafunzi wapime kwa rula kila siku. Siku ya nne rangi itakuwa imefika mara mbili tu ya ilipofika siku ya kwanza.